Korongo Mwenye Kalamu Mbili

14 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepunguza ukorofi. Huku sisi wazima. Mama bado anabishana na jino lake. Tukimwambia likang'olewe anasema wameishi pamoja miaka hamsini, hawezi kulifukuza kwa siku moja. Baba amestaafu mapema posta tangu mwezi uliopita, anashinda nyumbani akipanga upya vitu ambavyo mama alishavipanga. Paka wetu amezaa ndani ya kabati la nguo. Ukiona nimefika hadi kwa paka, ujue nina ombi.

Mwaka huu nimepewa darasa la pili. Watoto sabini na wanne, vitabu tisa. Wameimba ba be bi bo bu mpaka kuta zinaweza kuitikia zenyewe, lakini kusoma hawajui. Jumatatu nilimwita mtoto mmoja asome ukurasa wa nne. Akasoma vizuri sana, bila kukosea hata neno. Kitabu kilikuwa juu chini. Amekikariri tangu mwaka jana, maskini, anaimba tu.

Nataka vitabu vya picha. Viwe vikubwa, vionekane na aliyekaa nyuma dirishani. Picha nzima ya ukurasa, na chini yake sentensi moja fupi. Mtoto aone kwanza, aseme anachokiona, ndipo akutane na maneno yake mwenyewe yameandikwa. Nimemwomba mwalimu mkuu, akasema picha zinawafanya watoto wavivu, na kwamba yeye amefundisha kwa ubao na fimbo miaka thelathini na minane, hata baba yangu alisoma kwake. Ni kweli baba alisoma kwake. Anastaafu Novemba, sina nguvu ya kugombana naye.

Wewe unachora mabango ya mji mzima. Utanichorea?

Mtoto wako,
Chiriku

2 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Goti lipo, linanijulisha mvua kabla ya redio. Mwambie mama yako nimemaliza bango la daktari wa meno, nimechora jino kubwa kama mlango. Akija kulitazama, lake litatoka lenyewe kwa aibu. Wasalimie wadogo zako wote, na jirani yenu mshona viatu, na paka mzazi.

Nitakuchorea. Karatasi ninazo, migongo ya kalenda za zamani, ngumu kama ubao.

Ila nieleze kwanza habari za mwalimu mkuu wako. Kama anafundisha hapo tangu miaka hiyo, basi ni yuleyule aliyekuja kijana, bado ndevu hazijakubaliana zitokee wapi. Sasa yukoje? Anatembeaje? Anavaaje? Bado anakohoa kabla ya kusema? Usiniulize kwa nini. Mchoraji huanzia kwenye kitu alichokiona.

Na unifundishe kazi yako. Maneno mangapi kwa ukurasa?

Shangazi

27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Jino la mama limetoka, halikungoja bango. Amelifunga kwenye kitambaa na hataki kusema kalificha wapi.

Maneno: matatu, manne, yasizidi matano. Na yarudi. Neno likionekana ukurasa wa kwanza, lionekane tena wa pili na wa tano, mtoto alikute kama mtu anayemfahamu. Picha isiseme kila kitu. Iache swali, ili mkono wake uwashe kufungua ukurasa unaofuata.

Mwalimu mkuu: bado anakohoa, mara tatu, kama anayepiga hodi. Suruali anaivuta juu, mkanda anafungia karibu na mbavu. Mfukoni kalamu mbili, nyekundu na ya buluu. Ya buluu sijawahi kuiona ikifanya kazi. Anatembea mikono nyuma, shingo mbele, miguu myembamba, anainua mguu mmoja anafikiri, ndipo anauteremsha. Nimecheka nikiandika haya. Usimwambie mtu.

Shangazi, umemsalimia hadi paka. Baba hukumtaja. Mwaka jana pia hukumtaja, nimerudia barua zako nikaangalia.

Chiriku

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ninampa dereva wa basi kifurushi hiki. Kitabu ni kimoja, kurasa kumi na mbili. Usikikunje, rangi ni ya mafuta, imekauka ila ina hasira.

Mmoja kati ya paka wale niwekee. Hapa panya wanakula brashi zangu.

Cha pili nakiandaa.

Shangazi

11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, paka wako yupo, ana madoa. Nina mambo mawili, moja zuri na moja baya, na yote mawili umeyasababisha wewe.

Zuri kwanza. Nilikibandika kitabu ukutani kikiwa kimefungwa. Juu ya jalada korongo mkubwa, miguu kama vijiti, na pembeni chura mdogo anayechora kwenye matope kwa kidole. Sikusoma. Nikauliza, "Mnaona nini?" Shangazi, darasa lilipasuka. Walikuwa wanajua! Sabini na wanne wote walikuwa na la kusema. Nikafungua: *Korongo anapita.* Nikafunika neno la kwanza kwa kiganja, nikauliza hapa pameandikwa nani. Wakapiga kelele, "Korongo!" Nikatoa kiganja, nikawaonyesha kwamba ndivyo. Ile *ngo* iliyokuwa mwiba wa koo mwaka mzima wameimeza kwa siku moja kwa sababu ilikuwa na mdomo mrefu.

Kuna msichana mmoja tunamwita Kimya. Tangu afike shuleni hajasema neno darasani. Siku ya nne aliinuka mwenyewe, akaenda ukutani, akaweka kidole chini ya maneno: "Chu-ra a-na-li-a." Halafu akanigeukia na kuuliza, "Kwa nini?" Nilitoka nje nikasingizia chaki.

Sasa baya. Mjukuu wa mwalimu mkuu yuko darasani kwangu, tunamwita Meno kwa sababu ya mbele hana. Wiki iliyopita tulifika ukurasa wa tisa, pale korongo ameinua mguu. Meno akasema kwa sauti, "Huyu anafunga mkanda kama babu!" Mwingine akasema, "Na kalamu mbili!" Mimi nilikuwa nimeutazama ukurasa ule mara ishirini, Shangazi, nikamwona korongo tu. Nilipoangalia mara ya ishirini na moja nikamwona yeye. Darasa likacheka mpaka madawati yakasogea. Nikasikia nyuma yangu kikohozi. Kimoja. Viwili. Vitatu.

Alikuwa mlangoni. Alikuja mbele taratibu, akakitazama kitabu ukurasa kwa ukurasa. Akakibandua. Akachukua na vile nilivyochora mwenyewe, vya kuku na vya baiskeli, ambavyo havina kosa lolote. Vyote viko kabatini mwake na ufunguo uko mfukoni, pamoja na kalamu. Nimepewa barua ya onyo. Tangu siku ile anakuja mwenyewe kuwafundisha kusoma, kwa ubao.

Umenitumia, Shangazi. Mimi nilikupa zile habari kwa kucheka, wewe ukazichonga mkuki, ukanipa mimi niushike, mbele ya watoto. Ungeniambia!

Na kuna la tatu. Kabla ya kukipeleka shuleni nilimwonyesha baba. Alifungua mpaka pale chura anapochora kwenye matope. Akakifunga polepole, akasema hana njaa, na chakula kilikuwa hakijaiva hata.

Alikufanya nini huyu mtu? Na baba anajua nini?

Chiriku

25 Juni

Chiriku,

Marahaba. Nilianza barua hii mara tano. Usidhani nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi. Kwa barua ya onyo pole, kwa vitabu vya kuku pole. Kwa korongo sina pole.

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la pili kama hao wako, nimechelewa kuanza. Baba yako kumi na miwili, darasa la nne, msomaji wa kusifiwa shule nzima. Mimi herufi zilikuwa zinanitazama na mimi nazitazama, hatusalimiani. Lakini kuchora nilijua. Nilichora pembeni mwa daftari, nilichora mezani, nilichora vumbini. Siku moja nikamchora mwalimu. Sikumchora kwa ubaya, alikuwa tu mrefu akavutia.

Hakunichapa. Ningeshukuru. Alichukua kipande cha boksi, kikaandikwa neno, kikatiwa kamba, akanivisha shingoni. Akasema nitakivaa wiki nzima, shuleni na njiani, na kila nitakayekutana naye nimsimamie akisome. Watu walisoma, wakacheka. Mimi sikujua kimeandikwa nini. Siku ile ya kwanza tukirudi nyumbani nikamuuliza kaka yangu, "Pameandikwaje?" Akatazama pembeni, akasema, "Jina lako."

Nikafurahi, Chiriku. Hapo ndipo sijawahi kupasamehe, pale nilipofurahi. Nilidhani watu wanacheka kwa kunipenda. Neno lilikuwa zuri kulitazama: vilima viwili, kisha mtu mwenye matumbo mawili, kisha bakuli, vilima, matumbo, bakuli, mara tatu, kama pambo la mkeka. Nililichora kila mahali. Mwisho wa mwaka yule mtu aliandika kwamba sifai kuendelea, na babu yako akaona sawa. Nilipoondoka nyumbani nina miaka kumi na mitano nilikuwa na sanduku la bati, na juu yake nilikuwa nimekwangua kwa msumari hilo jina langu. Kaka yangu ndiye aliyelibeba begani mpaka kituoni. Alikuwa anajua kusoma. Alilibeba, akaniaga, akanyamaza.

Nimeishi na lile sanduku mji huu miaka minne likiwa mlangoni pangu. Kisha fundi wa mabango akanichukua nimjazie rangi ndani ya herufi alizozichora kwa chaki. Herufi zikanizoea moja moja. Siku moja niko juu ya ngazi najaza U ya duka la dawa, nikasikia kichwani mwangu zile picha zimeanza kusema zenyewe. M. Bu. M. Bu. M. Bu.

MBUMBUMBU.

Ndilo neno la kwanza nililosoma bila kuambiwa na mtu. Nilishuka ngazi nikaenda kulitupa sanduku.

Sasa unajua kwa nini sikumsalimia. Yule mtu alinivisha wiki moja. Baba yako aliniacha nivae miaka tisa.

Kitabu cha pili kipo kwenye kifurushi hiki, kinakuja nyumbani, sio shuleni. Humo chura anavishwa jani. Mwisho korongo anatumbukia kwenye matope na vyura wote wanamcheka. Ukiona vema kichome. Mimi nimeshakichora, na nimelala vizuri.

Shangazi

9 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimekaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba, sikuweza kuingia ndani.

Nilimpa baba aisome. Najua hukunituma. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa. Mwishowe akasema, "Sanduku nililigeuza." Nikamuuliza amemaanisha nini. "Upande wenye maandishi niliugeuzia shingoni kwangu, watu njiani wasiusome. Lilinichuna mpaka damu. Nilidhani nitamwambia tukifika kituoni. Tulipofika nikaona amefurahi, anasafiri. Nikasema nitamwandikia. Halafu nikakumbuka kwamba hajui kusoma." Alikuwa na jingine, nililiona limefika kooni, akalirudisha. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira naye na bado ninayo.

Nilitaka kukichoma kitabu, Shangazi. Kibiriti nilikuwa nacho mkononi. Kisha ikaja Jumatano.

Mwalimu mkuu alimwita Kimya ubaoni. Aliandika *ng'ombe*, akamwambia asome. Mtoto yule aliyesoma ukurasa mzima peke yake mwezi Aprili alisimama pale mdomo umefungwa kama mlango wa duka siku ya mapumziko. Mwalimu mkuu akamwambia, "Panda juu ya dawati." Akapanda. "Wenzako watasoma, wewe utakuwa picha. Si mnapenda picha?" Akamwacha juu mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mkojo ulimtoka, ukapita kwenye dawati. Mimi nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari, nilikuja kuambiwa na Meno. Meno alikuwa analia. Mjukuu wake mwenyewe!

Kimya amerudi kuwa Kimya.

Kwa hiyo nimekirudisha kibiriti jikoni. Novemba kutakuwa na sherehe ya kumuaga. Wazazi wote watakuja, na wengi wao walisoma kwake. Mkaguzi wa elimu atakuja. Wanakusanya fedha wamnunulie kiti cha kupumzikia. Kila darasa limeombwa lionyeshe kitu. Darasa la kwanza wataimba. Mimi nimeandikisha: darasa la pili, kusoma hadithi. Hakuuliza hadithi gani. Haamini kama wanaweza kusoma yoyote.

Tunafanya mazoezi nyumbani kwetu Jumamosi, kidogo kidogo, mama anawapa maji. Nilimwambia Kimya si lazima. Jumamosi ya pili alikuja, akakaa karibu na paka wako.

Utakuja?

Chiriku

3 Septemba

Chiriku,

Sitakuja. Nikimwona uso kwa uso nitamrushia kopo la rangi, na rangi imepanda bei.

Kurasa zishikwe juu, usawa wa vichwa, na aliyeshika asitetemeke. Wasisome haraka. Baada ya ukurasa wa jani hesabu mpaka tano ndipo mfungue unaofuata. Nyie walimu mnajua kunyamazisha, lakini kunyamaza hamjui.

Na wewe usicheke. Wacheke wao.

Kuhusu sanduku sina la kusema kwa sasa. Nimelisoma.

Shangazi

1 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Imefanyika Ijumaa.

Viti vilipangwa uwanjani. Yeye amekaa mbele, katikati, kwenye kile kiti kipya cha kupumzikia, bado kina nailoni. Mkaguzi kulia kwake. Darasa la kwanza wakaimba. Halafu wakaingia wangu, kumi na wawili wameshika kurasa, wengine nyuma yao. Alipoona ukurasa wa kwanza shingo yake ilisogea mbele kidogo, kama unavyomjua. Hakuweza kufanya kitu. Mkaguzi alikuwa ameshaanza kutabasamu, anasema, "Angalia hawa wanavyosoma kwa kidole!"

Walisoma vizuri, Shangazi. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Walisoma, hawakuimba. Wazazi walianza kucheka walipouona mkanda. Kicheko kilianzia nyuma, kwa wale vijana, kikaja mbele.

Ukurasa wa jani alikuwa ameshika Meno. Aliyepaswa kuusoma ni Kimya. Alisogea. Nikajiambia asiposema nitasema mimi. Akaweka kidole. "Korongo anamvisha Chura jani. Jani limeandikwa: M-BU-M-BU-M-BU."

Nikahesabu. Moja, mbili. Sikufika tano.

Mwanamke mmoja akainuka katikati ya wazazi. Ni yule muoka mikate wa pale njia panda, mnene, mchangamfu, kila mtu anamjua. Akasema, si kwa kelele, "Langu liliandikwa hivyo hivyo." Akabaki amesimama. Halafu mshona viatu jirani yetu, yule uliyemtumia salamu. Akasema, "Mimi nililivaa mpaka kwenye msiba wa mama." Kisha wengine, wanaume na wanawake, sikuwahesabu. Hakuna aliyecheka tena. Korongo wako hakupata nafasi ya kutumbukia kwenye matope. Kurasa mbili za mwisho hazikufunguliwa.

Kisha akainuka baba. Nilidhani anakwenda nyumbani. Alikuja mpaka mbele, kando ya Meno, akaitazama ile picha ya jani kwa karibu, kama mtu anayehakiki anwani kwenye bahasha. Akasema, "Herufi hizi ni zangu."

Shangazi, kaa chini kama umesimama. Alisema, "Alikuwa ananiita mimi niandike. Kila boksi. Aliniambia nina mwandiko mzuri kuliko wote. La dada yangu nililiandika kwa uangalifu kama mengine, sikujua litakuwa la nani. Niliambiwa baada ya kumaliza. Dada aliponiuliza, nikamwambia ni jina lake. Ningemwambiaje kwamba nimeliandika mimi?" Alimgeukia mwalimu mkuu. "Ulinipa na zawadi. Kalamu. Niliipokea."

Mwalimu mkuu alikohoa mara moja. Akainuka, akapita katikati ya viti mikono nyuma, hakuna aliyempisha wala aliyemzuia. Kiti hakukichukua. Kipo uwanjani hadi leo, kimenyeshewa mara mbili.

Mimi nimepewa uhamisho kuanzia Januari, shule ya mbali, wanasema nimevuruga sherehe ya serikali. Mama analia na kufunga mizigo kwa wakati mmoja. Sijuti. Nilipotoka uwanjani nilikuwa natetemeka kwa furaha, na hilo ndilo linalonitia hofu kidogo.

Baba halali. Haulizi kama umeandika.

Chiriku

22 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini nyumba ya shule hiyo mpya ina paa la kweli. Paka alifika salama, ameshapindua kopo la kijani. Darasa lako jipya niambie ni wangapi. Kalenda za mwaka jana zimejaa hapa, nitaanza kitabu cha bata.

Habari ya mwandiko nilikaa nayo wiki mbili, sikushika brashi. Herufi zile nilizipenda, Chiriku. Zilinifanya nipende kazi hii. Baba yako sijui nimfanye nini, na usinishauri. Nimemwandikia barua ya mistari minne. Wa kwanza ni matusi. Mingine mwulize mwenyewe akipenda.

Sasa sikiliza. Jumanne mchana nilikuwa nachora bango la kinyozi, nikasikia nyuma yangu kikohozi. Mara tatu. Mkono uliruka, kinyozi wa watu akapata shavu la tatu.

Amezeeka. Mkanda bado uko mbavuni, lakini sasa unashikilia mbavu zenyewe. Kaka ndiye aliyemwelekeza. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema amekuja kuzungumza. Nikamwambia nina kazi, akae asubiri. Nikamwonyesha benchi lenye makopo. Alikaa pale mwanangu, saa nne nzima, magoti juu kama panzi, wateja wakiingia wanamsalimia wakidhani ni fundi mgeni. Sikumpa hata maji. Nilirekebisha shavu, nikajaza herufi, nikaosha brashi moja moja mpaka zisizohitaji kuoshwa. Sijawahi kufurahia kazi kama siku ile, na sioni haya kukuambia.

Mwishowe nikakaa mbele yake. Nikamwambia, "Sema."

Akasema, "Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nani?"

"Kwako. Na kwa wote."

"Wote si mtu," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nakaa wapi darasani?"

Akanitazama. Nilimwona anatafuta, anatafuta kweli, macho yanazunguka uso wangu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha akainamisha kichwa. "Kaka yako namkumbuka vizuri sana. Alikuwa hodari. Wewe... nisamehe. Sura yako sina."

Miaka thelathini na minane, Chiriku. Nimemtengenezea korongo, nimemtengenezea matope, nimempangia maneno ya kumwambia kwa mpangilio tangu niko juu ya ngazi ile. Na kumbe kichwani mwake mimi sipo hata kwa ubaya. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kucheka. Nilichokifanya ni kuinuka na kufungua mlango.

Nikamwambia, "Rudi nyumbani ukanikumbuke. Nilikaa upande gani, nilichora nini, nililia au sikulia. Usimuulize kaka yangu, usimuulize mtu. Ukinipata, njoo, nitakusikiliza."

Alivaa kofia. Alipofika nje, jua limemwangaza usoni, akageuka akiwa ameinua mguu mmoja kama anayefikiri.

"Na nikishindwa?"

"Utarudia darasa," nikamwambia, nikafunga mlango.

Shangazi yako